Nimeingia kuabudu jioni, nikatoka usiku. Huo muda ulikwenda wapi?

#1 Zabibu Kavu (mleta mada)

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Na wasio Wakatoliki karibuni, mada ni ya wote.

Nipo Dodoma mjini, kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Alhamisi jioni parokiani kwetu kuna kuabudu Ekaristi Takatifu, yaani kukaa kwa sala mbele ya mkate uliowekwa wakfu. Mimi si mtu wa maono. Sijawahi kunena kwa lugha, karismatiki nawaheshimu nikiwa mbali kidogo. Naenda, nakaa benchi la nyuma, nasali rozari yangu, naondoka.

Sasa kuna hali inanitokea, si kila mara. Rozari inasimama yenyewe mkononi. Maneno yanaisha. Sifurahi, silii, siombi kitu, nipo tu. Nikija kushtuka, padre keshavikwa lile vazi la mabegani kwa ajili ya Baraka ya Sakramenti Kuu, benchi zimejaa, nje giza. Kwangu mimi zimepita kama dakika kumi. Saa ya ukutani inasema saa nzima na ushee. Magoti hayaniumi mpaka nishtuke, hapo ndipo yanauma yote kwa pamoja.

Dai langu ni hili: huku sio muda kwenda mbio. Muda ukienda mbio unajua kabisa kwamba umekwenda, kama harusini au kwenye gumzo zuri. Huu haukwenda. Haukuwepo. Mnaelezaje? Mahubiri sihitaji, nyumbani nina mama mkwe mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki.

#2 Mhehe Asiye na Ugomvi

Dada, hiyo kwetu Iringa inaitwa kusinzia. Joto la Dodoma saa kumi jioni, halafu ukae chini ya feni, kimya, taa hafifu. Hata malaika mlinzi wako alikuwa anapiga miayo.

#3 Zabibu Kavu

Mtani, mtu aliyesinzia kwa magoti saa nzima bila kuanguka umemwona wapi? Halafu kuna mama alinigusa nimpishe, nikampisha. Nasikia sufuria kwenye jiko la mapadre, nasikia bodaboda nje. Kila kitu nakisikia ila hakinishiki.

#4 Nesi wa Zamu

Kabla hamjafika kwa watakatifu niulize ya kazini kwangu. Ukishtuka unakuwa umechanganyikiwa, hujui uko wapi? Kuna mtu amewahi kukwambia unatafunatafuna mdomo au unachezea nguo bila kujijua? Hali hii huja pia ukiwa barabarani au jikoni? Kipo kifafa kisichoangusha mtu chini. Anatoka kidogo, anarudi, kipande cha muda hana. Ukiwa na "ndiyo" hata moja hapo, nenda hospitali umwambie daktari kila kitu, sala uendelee nayo hukohuko.

#5 Mhehe Asiye na Ugomvi

Nesi umezunguka kwa adabu. Mimi nilitaka kusema Mirembe moja kwa moja, si iko hapohapo mjini?

#6 Nesi wa Zamu

Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili, mtani. Watu wanaingia wagonjwa wanatoka wazima wanarudi makazini. Huu utani umechoka.

#7 Zabibu Kavu

Hapana kwa yote, nesi. Barabarani haijawahi. Na sichanganyikiwi, nakuwa mtulivu kuliko nilivyoingia. Asante kwa kuuliza kama mtu.

#8 Frateri Mstaafu

Nilikaa seminari miaka kadhaa kabla sijagundua wito wangu ni wa watoto watatu na duka la vifaa vya ujenzi pale Kizota. Lakini niliyosoma sijayasahau yote.

Katekisimu inataja namna tatu kubwa za sala: sala ya sauti, tafakari, na taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya bila maneno. Rozari unaanza nayo kwa sauti na tafakari. Inapokusimamia mkononi, huenda umevuka kwenda ya tatu. Yohane wa Msalaba analizungumza hilihili kwenye Kupanda Mlima Karmeli, kitabu cha pili, sura ya 14. Anasema roho ikiwa imezama katika ujuzi ule mtulivu wa Mungu, sala inaweza kuchukua saa nyingi na mwenyewe aione fupi sana, na akitoka hajui alikuwa anafanya nini. Anasema inaonekana fupi kwa sababu haikufanyika ndani ya muda. Dada, dai lako mtu wa Hispania wa karne ya 16 alishalitoa.

Kuna jambo jingine watu wanalichanganya. Umilele sio muda mrefu usioisha. Boethius, mwanafalsafa wa Roma aliyeuawa kama mwaka 524, aliandika akiwa kifungoni kwamba umilele ni kuwa na uzima usio na mwisho wote kwa mara moja, kikamilifu. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akaichukua maana hiyo kwenye kitabu chake Summa. Mfano wake ni wa mtu aliye juu: anayetembea barabarani hawaoni walio nyuma yake, bali aliye kileleni anaiona njia nzima kwa mtazamo mmoja. Panda lile jiwe la Mlima Simba uangalie magari ya barabara kuu utamwelewa Thoma bila Kilatini. Mungu ndiye wa kileleni. Swali langu ni kama dada alipandishwa hata hatua moja, au alikaa tu kando ya njia akapumzika. Yote yanawezekana.

#9 Dereva wa Moro

Mimi sio mtu wa vitabu. Niwaulize: Simba na Yanga zikicheza, dakika 90 zinaishia wapi? Wazee wa bao pale sokoni wanaanza asubuhi, wake zao wanawafuata jioni na matusi. Hao nao wako kwenye taamuli?

#10 Kinanda Kibovu

Dereva kauliza swali zuri kuliko anavyodhani.

Nafundisha kwaya, kwa hiyo nimjibu kwa mtu wangu, Augustino, Mwafrika mwenzetu wa Tagaste, Algeria ya leo. Kitabu cha 11 cha Maungamo kinahusu muda karibu chote. Anachukua zaburi anayoijua kwa moyo. Kabla hajaanza, matarajio yake yamelala juu ya zaburi nzima. Akianza kuimba, yaliyoimbwa yanahamia kwenye kumbukumbu na yaliyobaki yanapungua, mpaka matarajio yanaisha. Kwake muda tunaupimia humo, akilini: tunakumbuka, tunaangalia, tunangoja.

Mpira una matarajio matupu. Ndiyo maana timu yako ikiongoza bao moja, zile dakika za nyongeza haziishi. Anachosimulia dada ni hali isiyongoja kitu. Ukiondoa kungoja na kukumbuka, kwa hesabu ya Augustino umebaki na nini cha kupima?

#11 Dereva wa Moro

Kinanda, umenishika. Ila wa bao hujamjibu. Yule hangoji kitu wala hakumbuki mke.

#12 Nesi wa Zamu

Wa bao namchukua mimi.

Wanasaikolojia wana maelezo ya kawaida kabisa. Umakini una kiasi chake. Ukiuelekeza wote kwenye jambo moja, hakuna unaobaki wa kufuatilia muda. Mihaly Csikszentmihalyi aliwachunguza wachezaji wa chesi, wapanda milima na wasanii, wote wakamweleza hilohilo: unazama, unajisahau, saa inapotea.

Halafu kuna kumbukumbu. Mtu anayejua ataulizwa muda, anauhesabu wakati unapita. Asiyejua, akiulizwa baadaye, anakisia kwa kuangalia ni matukio mangapi kichwani. Saa moja isiyo na tukio, macho kwenye monstransi tu (chombo cha kuonyeshea Ekaristi), itaacha kumbukumbu chache, kwa hiyo itakumbukwa fupi. Hapo sijagusa neema. Nimesema tu kwamba ubongo ungefanya hivyo hata bila neema.

#13 Sista Jikoni

Salamu. Mimi ni mtawa, shirika silitaji. Nimesoma nikacheka, maana mnaongea kana kwamba sala kazi yake ni kuufuta muda. Njooni konventi.

Saa ya tafakari alfajiri, kengele imepigwa, kapela ina baridi ya mwezi wa saba (Dodoma ina baridi, wageni wanabisha mpaka walale huku), na hiyo saa inakuwa na dakika mia tatu. Unahesabu vigae. Unamjua kwa mlio wa tumbo sista aliyekosa chakula cha usiku. Wamonaki wa jangwani Misri waliijua hali hii. Evagrius, karne ya nne, anaeleza pepo wa mchana anayemfanya mmonaki aone jua halitembei, siku ina saa hamsini. Anatoka nje kuangalia jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa kula.

Teresa wa Avila mwenyewe, mwalimu wa sala, anakiri kwenye kitabu cha Maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa anasikilizia saa igonge imalizike kuliko alivyotamani kubaki. Namwamini sana kwa sababu ya sentensi hiyo.

Zabibu, usikimbilie kuita ulichopata taamuli ya juu. Teresa huyohuyo anasema zile dakika ambazo nguvu za roho zinasimama kabisa ni fupi mno. Nusu saa kwake ingekuwa ndefu sana, na hadhani aliwahi kufikisha. Wewe unatuletea saa na ushee kila ukijisikia?

#14 Zabibu Kavu

Sista, nimesema si kila mara. Na "kila ukijisikia" imeniuma kidogo.

#15 Frateri Mstaafu

Sista, kwa heshima, hapo Teresa anaongelea muungano, kumezwa kabisa. Kuna sala ya utulivu kabla ya hapo, na hiyo kwake inaweza kudumu muda mrefu, hata mtu akiwa anaendelea na shughuli nyingine. Dada alimpisha yule mama, anasikia sufuria. Hii inafanana na utulivu, haifanani na muungano. Tusimvishe viatu vikubwa halafu tumcheke vinampwaya.

#16 Sista Jikoni

Nakubali kuhusu utulivu. Kumcheka sikumcheka.

#17 Mama Wawili wa Nzuguni

Mimi umilele nimeuona kwa macho yangu. Upo baada ya Komunyo, kwenye matangazo. Mchango wa uzio, mchango wa gari la paroko, jumuiya zilizolipa, jumuiya ambazo hazijalipa, msimamizi anarudia kwa waliochelewa. Hapo hamna jana wala kesho.

#18 Mhehe Asiye na Ugomvi

Mama apewe kiti mbele 🤣🤣 Boethius angemsikia asingeandika.

#19 Bi Zuhura wa Kondoa

Asalaam alaykum. Nimepiga hodi, naingia.

Kwetu haya si mageni. Usiku wa kuamkia Ijumaa wazee wa tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, wanakaa dhikri, kumtaja Mungu tena na tena, wanaanza polepole na mwisho ni pumzi tu. Babu yangu alikuwa anaulizwa mmekaa saa ngapi, anajibu hakukaa. Sheikh wao alikuwa mkali kwenye jambo moja: ukija kesho unatafuta kile ulichokipata jana, umekuja kujitafuta mwenyewe.

Na kwenye Suratul Kahf wapo vijana wa pangoni. Waliamka wakaulizana tumekaa muda gani, wakasema siku moja au sehemu ya siku. Aya ya 25 inasema walikaa miaka mia tatu na kuzidisha tisa. Wapo wafasiri wanaosema mia tatu ni miaka ya jua na hiyo tisa inaongezeka ukihesabu kwa mwezi. Kwa hiyo dada Zabibu na saa yake moja asitutishe.

#20 Chimwaga77

Bi Zuhura, shikamoo. Hao vijana na sisi tunao, Wasinziaji Saba wa Efeso. Wakristo waliofungiwa pangoni wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius, karne ya tatu, wakaamka enzi ya Theodosius wa Pili. Mmoja akaenda kununua mkate na sarafu ya zamani, ndipo wakajulikana. Kalenda ya zamani ya Kirumi iliwaweka tarehe 27 Julai. Ila angalieni, wote hao walilala. Mhehe anaelekea kushinda mjadala.

Tukiwa kwenye kalenda: Teresa wa Avila alikufa tarehe 15 Oktoba 1582, ndiyo sikukuu yake.

#21 Kinanda Kibovu

Chimwaga, hapo rekebisha. Alikufa usiku wa tarehe 4 Oktoba. Usiku uleule Papa Gregori wa 13 alikuwa ameagiza kalenda iruke, kesho yake Hispania ikaamkia tarehe 15. Siku kumi hazikuwepo. Mtu akiuliza Teresa alikuwa wapi tarehe 10 Oktoba 1582, Hispania nzima hakukuwa na mtu popote.

#22 Chimwaga77

Kumbe nilikuwa sahihi ndani ya usiku mmoja.

#23 Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa, mtandao wa huku Bahi unakuja ukijisikia.

Naona uzi wote uko kwenye kimya na feni. Huku kigangoni padre anafika kwa mzunguko wake, wiki nyingine hafiki. Akifika, Misa ni saa tatu na hakuna anayeuliza. Akina mama wanaingia na ngoma za muheme kwenye matoleo, vumbi linapanda, watoto wanalala mgongoni na kuamka na kulala tena. Watu wametembea kutoka vitongoji vya mbali. Mbona hao hamuwaulizi habari za muda? Sio kila anayeusahau muda amefumba macho.

Halafu nyinyi mnaongelea hisia. Kanisa linafundisha jambo gumu zaidi ya hisia. Katekisimu namba 1085 inasema matukio mengine ya historia yanatokea mara moja, yanapita, yanamezwa na yaliyopita. Fumbo la Pasaka, yaani kufa na kufufuka kwa Kristo, halipiti, linashiriki umilele wa Mungu na hivyo lipo katika nyakati zote. Mkesha wa Pasaka mnamwona padre akichora kwenye mshumaa msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka huu tulio nao. Umilele na mwaka wetu kwenye nta moja. Na Alhamisi Kuu, padre akitumia Sala ya Ekaristi ya Kwanza, kabla ya maneno ya mageuzo anaongeza kwamba usiku ule wa kuteswa ni leo. Mara moja tu kwa mwaka. Nikiwa madhabahuni kama mhudumu, nywele hunisimama. Hiyo ni kweli hata kama benchi zima limelala, mtani wa Iringa akiwemo.

#24 Mlokole Mpole

Mimi nasali kwingine, ila nafuatilia. Katekista, Waebrania inasema Kristo alitolewa mara moja. Mkisema linarudi kila Jumapili, mbona mnamtoa tena?

#25 Katekista wa Kigango

Karibu ndugu. Hakuna aliyesema tena. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1562 ulisema sadaka ni ileile moja, namna ya kuitoa ndiyo tofauti. Halirudi kwa sababu halikuondoka. Sisi ndio tunaofika.

#26 Mlokole Mpole

Umejibu, sijakubali. Lakini umejibu.

#27 Frateri Mstaafu

Katekista kafungua mlango ambao seminari tulibishania mpaka taa zikazimwa. Kinachokuwepo ni tukio lenyewe, au ni nguvu na matunda yake tu? Odo Casel, mmonaki Mbenediktini wa monasteri ya Maria Laach, Ujerumani, alishikilia kwamba ni tendo lenyewe la wokovu, lipo kifumbo katika liturujia. Wakubwa wa teolojia walimpinga: tukio lililopita litakuwepoje leo? Casel alianguka kwenye Mkesha wa Pasaka mwaka 1948, akiwa ametoka kuimba "Mwanga wa Kristo". Mkuu wetu mmoja alikuwa anasema alikwenda kuuliza mwenyewe.

Kwa vyovyote, hapa kuna vitu viwili. Lile la sakramenti halitegemei unahisi nini. Lile la Zabibu ni la nafsi yake. La kwanza linaweza kuwa chanzo cha la pili, au yamekutana tu jengo moja.

#28 Zabibu Kavu

Hapo ndipo ninapobanwa, frateri. Nyumbani nikikaa kimya hivyohivyo hainitokei. Nimejaribu sebuleni watoto wakiwa shule. Nawaza bei ya mchele.

#29 Nesi wa Zamu

Kwa sababu sebuleni kuna kazi zako zote zinakuangalia. Kanisani umeacha simu mkobani, mwanga mdogo, ubani, wengine wametulia. Mwili umeshazoea kwamba hapa tunatua.

Na kwa anayedai sayansi imeshamaliza: haijamaliza. Andrew Newberg alipiga picha za ubongo wa watawa Wafransisko wakiwa katika sala, akaona mabadiliko kwenye sehemu ya mbele na ile ya pembeni inayohusika na kujitambua uko wapi. Wenzake wa Montreal, Mario Beauregard na Vincent Paquette, mwaka 2006 walichapisha uchunguzi wa masista 15 Wakarmeli, hawakupata kisehemu kimoja cha Mungu. Sehemu nyingi ziliwaka kwa pamoja. Masista wale waliombwa wakumbuke tukio lao kubwa la kiroho, kwa sababu walisema Mungu haitwi kwa kubonyeza. Picha inaonyesha ubongo unafanya kazi. Hata ukiangalia mwembe unafanya kazi, na mwembe upo.

#30 Dereva wa Moro

Nesi leo umesali kuliko sista.

#31 Sista Jikoni

Nesi kasema vizuri, nami naongeza upande wangu, mtaniona mkali tena.

Mwaka 1689, samahani, vidole, 1687, Papa Inosenti wa 11 alilaani mafundisho ya Miguel de Molinos, padre Mhispania aliyefundisha kwamba roho ikae tu, isitake, isijitahidi, isipambane hata na vishawishi. Kukaa tu bila kitu kunaweza kuwa kwa Mungu na kunaweza kuwa uvivu uliopigishwa magoti. Na tarehe 15 Oktoba 1989 barua ya Kardinali Ratzinger juu ya tafakari ya kikristo ilionya kwamba mazoezi ya mwili huleta utulivu na raha, hata mwanga na joto, na kuviita hivyo faraja za Roho Mtakatifu ni kukosea njia.

Nyinyi wa Dodoma mna kanisa kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, tunda la Wapasionisti wa Italia waliofika huku miaka ya 1930. Mnamjua msimamizi wenu? Alipata neema kubwa za sala akiwa kijana, halafu akatembea miaka mingi sana kwenye ukavu, hahisi kitu, na alikuwa ameanzisha shirika hilohilo la Wapasionisti. Sijui nani kati yenu angekuja Alhamisi kwa miaka hiyo yote bila dakika moja ya kupotea.

Zabibu, nikuulize linalonihusu: ukirudi nyumbani unakuwaje?

#32 Zabibu Kavu

Nilimsomea mume wangu swali la sista. Kasema Alhamisi nachelewa, chakula kinakuwa kiporo, lakini siku hiyo siulizi pesa ya gesi imekwenda wapi. Kasema tuendelee hivyo.

#33 Mama Wawili wa Nzuguni

Huyo mume ni mlezi wa kiroho tosha.

#34 Nesi wa Zamu

Napendekeza kitu. Alhamisi ijayo Zabibu akae kama kawaida. Jirani yake mmoja aandike alipoanza na alipomaliza. Akitoka, kabla hajaona saa, aandike yeye anadhani ni muda gani. Tufanye hivyo wiki kadhaa tuone.

#35 Kinanda Kibovu

Haitafaa. Umesema mwenyewe kwenye #12 kwamba anayejua ataulizwa muda huuhesabu. Umeshamharibia.

#36 Sista Jikoni

Na sala sio maabara, nesi. Mtu haendi mbele ya Sakramenti na daftari la mahudhurio.

#37 Nesi wa Zamu

Sista, aliyetuambia nusu saa ni ndefu na hadhani aliwahi kufikisha ni nani? Teresa alipima. Wewe ndiye uliyetuletea kipimo chake.

#38 Sista Jikoni

Teresa aliandika kwa utii, waungamishi wake walimtaka. Na alikuwa anakisia, hakuweka mtu pembeni na saa.

#39 Frateri Mstaafu

Basi paroko amwagize Zabibu, iwe utii. Nesi 1.

#40 Bi Zuhura wa Kondoa

Mimi naona mumwache. Ila kama mnapima, jirani asiwe yule mama aliyemgusa, maana atamgusa tena.

#41 Katekista wa Kigango

Naombeni na mimi kupimiwa. Jumapili padre anakuja kigangoni, muheme umeshafanyiwa mazoezi. Anayetaka kuona watu wasiojua saa wakiwa macho makavu, apande gari la Bahi asubuhi mapema. Aje na maji yake.

#42 Mhehe Asiye na Ugomvi

Matangazo yapo?

#43 Katekista wa Kigango

Yapo. Tunajenga choo.